Maji ya Mapipa

Chupa iliwekwa katikati ya meza, baina ya sinia la sambusa na bakuli la sombe, kisamvu cha Kikongo, na niliitambua kabla hata sijasoma maandishi yake. Niliitambua kwa nembo ya ghala, ghala ambalo sitalitaja jina kwa sababu sitaki kulitangazia biashara. Aliyeileta alikuwa Déo, shemeji yake Bahati, mlinzi katika hoteli moja ya Sandton, Johannesburg. Mgeni fulani aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kama asante, na Déo akaona hakuna mahali pazuri pa kuifungulia kuliko kwa dada yake Furaha, mke wa Bahati, siku ya sala ya kumshukuru Mungu kwa kuwa binti yao Neema amemaliza shule ya msingi. "Hii hapana ya mchezo," alisema, akiizungusha watu waione. "Imelala kwenye pipa miaka kumi na mbili. Neema yetu iko na kumi na tatu. Banaweza kuwa mtu na mdogo wake!" Sebule nzima ikacheka, akina mama wa kanisani wakacheka wakijifunika midomo, kwa kuwa wao hawanywi. Bahati naye alicheka. Mimi nilichukua ile chupa nikageuza mgongo wake, nikasoma kwamba wiski hii imekomazwa kwa subira katika hewa tulivu ya Johannesburg, yenye unyevu wa asili. Unyevu wa asili! Nilirudia kusoma kama mtu anayesoma tusi aliloandikiwa yeye binafsi. Mtu yeyote aliyekaa mji huu mwezi Juni anajua kwamba hewa yake inapasua midomo, inapasua visigino, na ukivua sweta gizani unaona cheche. Huo unyevu wa asili ulikuwa mimi na Bahati, na mpira wa maji mkononi.

Ya nyumbani kwetu Kigoma na ya safari ya kuja kusini nitayaacha, kila mtu huku ana yake na zote zinafanana. Nianzie pale nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, nikapata kazi kwenye ghala la mapipa ya wiski katika eneo la viwanda lililo jirani na kitongoji cha Alexandra. Kabla ya hapo nilikuwa sijui kwamba pombe inawekwa ndani ya mti ili ipumue. Ghala lenyewe lilikuwa jengo refu la matofali mekundu, na sehemu kubwa ya sakafu ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa. Mapipa yalilala kwa ubavu juu ya reli za mbao, safu juu ya safu, hadi karibu na paa. Ukiingia asubuhi unapigwa na harufu ya mbao mbichi, ya zabibu kavu, ya kitu kitamu kinachokaribia kuoza, na chini yake harufu ya udongo uliolowa, harufu ambayo mpaka leo, nikiisikia popote baada ya mvua, inanirudisha ndani ya lile ghala. Nimelala Durban, nimelala Maputo, nimefika hadi Lubumbashi na kurudi, na popote nilipohamia harufu hiyo ilinitangulia. Watu huniuliza kwa nini situlii mahali. Huwa nawajibu kwa mzaha.

Meneja alikuwa anaitwa Deon, mwanamume mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi, na lazima niseme ukweli kwamba alitufundisha vizuri. Siku ya kwanza alitusimamisha mbele ya kipima unyevu kilichotundikwa ukutani, duara la kioo lenye mshale kama wa saa, akatueleza. Hewa ikiwa kavu sana, maji yaliyomo ndani ya pipa yanapenya kwenye mbao na kutoroka upesi kuliko pombe, kinachobaki kinakuwa kikali na kidogo. Mbao za nje zinakauka, zinasinyaa, pete za chuma zinalegea, na pipa linaanza kulia, yaani kuvuja matone, kwenye maungio. Hewa ikilowa kupita kiasi, pombe nayo inakimbia, kuta zinaota kuvu na chuma kinashika kutu. Kwa hiyo mshale lazima ukae katikati, pale alipopaka rangi ya kijani. Kulikuwa na mashine ya kupuliza ukungu wa maji, lakini umeme ulikuwa ukikatika, basi kazi hiyo tuliifanya kwa mikono: asubuhi tunamwagia sakafu, mchana tunalowesha magunia yaliyoning'inizwa kati ya safu, jioni tunamwagia tena. Maji yalitoka kwenye kisima kilichochimbwa nyuma ya jengo, yakapandishwa kwenye tangi. Na amri iliyo juu ya amri zote ilikuwa milango. Ule mlango mkubwa wa upande wa barabarani ulikuwa haufunguliwi ila kwa kuingiza au kutoa pipa, tena upesi. Deon akipita na kuona upenyo tu, anapiga kelele, "Milango! Milango!" hata sisi wenyewe tukawa tunataniana kwa neno hilo. Bahati akisahau kufunga mfuko wa chakula chake, namwambia, "Milango!"

Bahati alikuwa anatoka Uvira, Kongo, ng'ambo ya ziwa letu lilelile la Tanganyika. Aliniita Tanzania, kana kwamba nimeibeba nchi nzima begani. Alikuwa mlokole mwenye mdomo, na siku Deon alipotuambia kwamba watengeneza wiski huita kile kinachopotea hewani fungu la malaika, Bahati alisubiri Deon aondoke, akaniuliza, "Sasa malaika bale benye kunywa pombe, banaimba kwaya gani?" Baadaye, tukiwa tunalowesha magunia, akaendelea kulifikiria. "Lakini Tanzania, umesikia vizuri? Huku kwenye kukauka, kinachotoroka sana iko maji. Kumbe malaika ba Joburg banatafuta maji kama siye. Pombe banaiacha." Wa tatu wetu alikuwa Sis Lindiwe, mzaliwa wa Alexandra, mwendesha forklift, kile kigari cha kuinulia mapipa, mwanamke mnene mwenye kicheko cha ghafla. Yeye ndiye aliyetufundisha kugonga. Unagonga uso wa pipa kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu kushuka chini, na pale sauti inapobadilika kutoka ngoma kuwa ubao ndipo wiski ilipo. Saa ya chakula tulikaa watatu kwenye ukingo wa kupakulia mizigo, tukila kota, robo ya mkate iliyochimbwa katikati na kujazwa chipsi na achari, na Lindiwe akitukata kila mmoja kipande chake. Hicho ndicho ninachokikumbuka kwa utamu katika mwaka ule, na inaniudhi kwamba hata utamu huo siwezi kuukumbuka bila kilichofuata.

Bahati na Furaha walikuwa wanakaa Yeoville, katika jengo hilihili tulimokusanyika juzi, ghorofa ya tano. Wakati ule chumba kiligawanywa kwa pazia la maua, upande huu wao, upande ule fundi cherehani wa Lubumbashi ambaye mashine yake ilikuwa inanguruma hata siku za Jumapili. Mimi nilikuwa nakaa Hillbrow, lakini Jumapili nilikuwa kwao, kwa sababu Furaha alikuwa anapika ugali wa muhogo na samaki wa kopo kwa pilipili, na kwa sababu nilikuwa mpweke. Mwenye jengo alikuwa hajulikani alipo. Wapo waliosema amekufa, wapo waliosema yuko ng'ambo, ila kodi ilikuwa inakusanywa kila mwezi na vijana wasiojibu maswali. Mwanzoni mwa baridi, maji yakakatwa. Lori la maji lilikuja siku zile lilipoamua kuja, asubuhi, likasimama karibu na robot, taa za barabarani, na aliyekuwa kazini saa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Julai Furaha akajifungua kwa upasuaji. Akarudi nyumbani na mtoto wa kike mikononi na kidonda tumboni, akaambiwa asiinue kitu kizito, asipande ngazi mara kwa mara, na kidonda kisafishwe kwa maji safi kila siku. Lifti ilikuwa imekufa kabla ya maji. Nilipokwenda kumwona mtoto, Furaha alikuwa amekaa kitandani akimfuta kwa kitambaa kilicholoweshwa kwenye kikombe. Kikombe! Mtoto mzima, kikombe kimoja. "Shemeji," aliniambia, "usinitazame hivyo. Yeye bado mudogo, kikombe kinamutosha."

Kesho yake nilikuwa nimeshika mpira nikimwagia udongo. Naomba unielewe hasira hii, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nikae niandike. Sikuwa namwagilia mboga wala maua. Nilikuwa nanywesha sakafu ili hewa ilowe, ili ubao usisinyae, ili kitu ambacho kitanywewa baada ya miaka kumi na miwili na watu nisiowajua kisipungue. Ndoo kwa ndoo maji yalizama mbele yangu bila kuacha hata kidimbwi. Bahati alikuwa safu ya pili, akinywesha upande wake. Jioni akamwendea Deon, akamwomba kwa adabu zote, kofia mkononi, kama anaweza kujaza chupa mbili za lita tano apeleke kwa mke wake mzazi. Nilikuwa nimesimama karibu, nilisikia. Deon hakukasirika. Alisikitika, ndivyo alivyosema, anasikitika sana, lakini maji yale ni ya uzalishaji, na akimruhusu mmoja kesho Alex nzima itakuwa getini. "Ni maji ya mapipa," akasema, kama mtu anayekutajia jina la mwenye mali.

Lindiwe aliposikia alifyonya. "Eish, bhuti, kaka yangu, nani anaomba maji?" Siku iliyofuata alikuja na chupa mbili kutoka kwake, zimeoshwa zikang'aa, akaziweka nyuma ya tangi. Toka hapo kila jioni, tukimaliza kumwagia, ule mpira ulipokuwa bado unatiririka, Bahati alizijaza akazitia kwenye mfuko wa mgongoni. Sakafu haikunyimwa chochote. Mshale ulikaa kwenye kijani. Furaha aliosha kidonda, mtoto akaogeshwa kwenye beseni, na Jumapili moja nilikuta amewekwa juani dirishani, amepakwa mafuta, anang'aa kama kitu kipya. Ndipo wakampa jina Neema. Bahati aliniambia kwamba hayo maji yamepatikana bila wao kustahili. Nilimjibu kwamba aliyemwagia sakafu nzima ndiye anayestahili.

Agosti ikaja na upepo wake. Wanaoujua mji huu wanaujua upepo ule wa vumbi unaotoka kwenye machimbo ya zamani, unaofyonza unyevu hata kwenye macho. Jumamosi moja Deon alileta wageni. Walikuwa watu wa pesa waliotaka kununua mapipa yakiwa bado yamelala, na akataka waone ghala katika mwanga mzuri, wapige picha. Akaamuru mlango mkubwa ufunguliwe. Lindiwe alimtazama mara mbili. "Fungua wote," Deon akasema. Ukafunguliwa asubuhi, ukakaa wazi hadi wageni walipomaliza nyama choma yao uani, alasiri. Mimi na Bahati tuliambiwa tusimwagie sakafu siku hiyo, viatu vya wageni vingechafuka. Nilipita na sinia la glasi, nikamsikia mama mmoja mwenye miwani ya jua akiuliza, "Na hao malaika hunywa kiasi gani?" na wote wakacheka kicheko kilekile ambacho nadhani hucheka kila wanapoambiwa habari hiyo. Upepo ulikuwa unapita katikati ya safu, magunia yanapepea, makavu kama bendera. Bahati alininong'oneza, "Milango, Tanzania. Milango."

Jumatatu asubuhi ghala lilikuwa linanuka pombe kuliko kawaida. Mapipa ya safu ya mbele, yaliyotazamana na mlango, yalikuwa yamelia. Chini yake udongo ulikuwa na mabaka meusi. Lindiwe akagonga moja, akashuka na kifundo cha kidole, akashuka zaidi, na sauti ikaendelea kuwa ngoma hadi chini ya nusu. Akahamia la pili. Deon alikuja, akagonga mwenyewe, akasimama muda mrefu akiwa ametupa mgongo. Sijui alikuwa anafikiria nini, lakini najua alichohitaji. Alihitaji mtu. Jioni, getini, mlinzi aliambiwa apekue mifuko, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanywa, na kwenye mfuko wa Bahati zikatoka zile chupa mbili. "Sasa najua kwa nini sakafu yangu ni kavu," Deon akasema. Alisema kwa sauti ya kutulia, kama fundi aliyepata mahali bomba linapovuja. Lita kumi! Tangi lile lingeweza kuogesha mtaa. Akamrudisha Bahati ndani, akatuita sote, mimi, Lindiwe na mlinzi, akamwambia azimwage zile chupa kwenye udongo, pale penye mabaka. "Rudisha ulichoiba, mwizi."

Bahati akafungua kifuniko. Akamwaga ya kwanza, polepole, maji yakazama. Akamwaga ya pili. Nilimwona akiinamisha chupa mpaka tone la mwisho, kwa namna ambayo alikuwa anamwagia kazini, kwa ustadi, bila kuacha mahali pakavu, na nadhani hicho ndicho kilichonishinda. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kwamba mlango ulikuwa wazi Jumamosi nzima. Kwamba sisi wote tulikuwepo, na yeye alikuwepo. Deon akanitazama bila hasira hata kidogo. "Sijakuuliza wewe," akasema, kisha akamwambia Bahati asirudi kesho, na ashukuru kwamba hakuitiwa polisi, maana hali ya makaratasi yake ya ukimbizi anaijua. Mpira ulikuwa umening'inia begani mwangu. Niliutupa chini, nikamwambia atamwagia mwenyewe. Lindiwe alitufuata hadi getini. "Mina siwezi," akasema, na macho yamejaa. "Nina watoto, bhuti. Siwezi." Hakuna aliyemlaumu. Tulitembea na Bahati hadi Yeoville kwa miguu, njia yote, naye alifungua mdomo mara moja tu, tulipokaribia. "Usimwambie Furaha neno lile aliloniitia."

Nilikaa kimya kama alivyotaka. Lakini maji hayakukaa kimya. Wiki zilizofuata walinunua ya kuuzwa ngazini, yaliyochotwa na vijana sijui kwenye shimo gani la barabarani, na Bahati alikuwa akiyachemsha pale umeme ulipokuwepo. Kidonda cha Furaha kikavimba, kikatoa usaha. Akalazwa muda mrefu, akapasuliwa mara ya pili, na aliporudi alikuwa amenusurika ila hakuzaa tena. Daktari hakusema ni maji. Daktari hakuulizwa habari za mapipa. Mimi nasema ni maji, na nitasema hivyo hadi nitakapozikwa, na yeyote atakayeniambia haiwezi kuthibitishwa namjibu kwamba hata ule unyevu wa asili nao haujathibitishwa, lakini umechapishwa kwa herufi za dhahabu.

Basi juzi Déo akamimina. Glasi yangu, glasi ya Bahati, glasi yake. Bahati aliinusa tu, nikaona pua yake imeitambua ile harufu kabla ya akili. Akainua macho, akanitazama, kisha akaitazama chupa, kisha mimi tena. "Tanzania," akasema chini kwa chini, "iko chupa tu. Acha." Nikamwuliza kama ameusoma mgongo wake. Akasema hataki kuusoma. "Leo siku ya mtoto. Yeye hajui kitu. Usimuharibie." Nilitaka kusimama niseme yote, mbele ya akina mama wa kanisa na mchungaji aliyekuwa bado njiani. Kinywa kilikuwa kimejaa. Wakati huohuo Neema akaingia kutoka ngazini, mrefu, suruali ya jinzi, dumu la maji mkononi na lingine mgongoni mwa binamu yake, kwa kuwa maji ya jengo yalikuwa yamekatika tena toka Alhamisi. Akalitua karibu na kiti cha baba yake akisema kwa Kizulu kwamba lifti hii mbovu itamuua. Na Bahati, bila kufikiri, akashusha mkono akagonga ubavu wa dumu kwa kifundo cha kidole, juu kwenda chini. "Limejaa," akasema. Kisha akagundua alichofanya.

Furaha akatoka jikoni na kutangaza chakula. Neema akachukua jagi na beseni kunawisha wageni, akianza na akina mama. Alikuwa anamwaga kidogo kidogo, kiuzi chembamba, kama wanavyofanya watoto wote wa jengo lile. Alipofika kwangu akasema, "Ankali, nyoosha mikono," na hicho Kiswahili chake cha kubahatisha kiliniuma. "Mwaga mingi, mwanangu," Bahati akamwambia. "Uyu ankali yako, mwaga mingi." Akamwaga. Yakanifunika mikono hadi viwiko, ya baridi, na sikuyastahimili. Nikachukua glasi yangu kwa mkono uliolowa nikaimimina ile wiski ndani ya beseni, kwenye povu na uchafu wa mikono ya watu.

"Weye uko wazimu?" Déo akapiga kelele. "Unajua bei yake?"

"Naijua," nikamjibu. "Kuliko aliyekupa."

Bahati naye akainua glasi yake akaimwaga, polepole, mpaka tone la mwisho, kwa namna ileile. Furaha alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Alimtazama mume wake, akaitazama chupa mezani, na nikaelewa kwamba anajua, kwamba amejua miaka yote hii, hata lile neno. Alikuja, akaichukua chupa, akaigeuza juu chini ndani ya beseni, ikabubujika mpaka ikaisha. Mama mmoja wa kanisani akasema haleluya, akidhani ni mambo ya wokovu.

"Mama, kwa nini?" Neema aliuliza, beseni limemlemea.

"Baba yako atakuambia tukishakula," Furaha akamjibu. "Sasa peleka hayo chooni. Usimwage hovyo, tangu asubuhi hatujavuta maji."

Akaenda nalo akilishika kwa mikono miwili, akitembea taratibu lisimwagike. Sote, hata Déo, tukasikia likimiminwa kwa mkupuo mmoja, na choo kikameza.